Safu ya Maoni

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka ukingoni,
mkono mmoja daftari la serikali, mwingine fimbo,
maana mamba hajui kwamba nimeajiriwa.
Bao la kipimo limesimama majini, rangi imebanduka,
namba ya tatu imeliwa na kutu; naisoma kwa moyo.
Mita tatu, sentimita sitini na nne. Naandika.
Ukungu bado umelala juu ya Malagarasi
na ng'ambo, msituni, sokwe wanagombana
kama ndugu walioachiwa shamba moja.

Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu kimo cha maji.
Ya nne imeandikwa MAONI,
upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba.
Miaka sita nimeijaza neno moja: hakuna.

Hakuna, mwezi ule chumvi ilipokwisha kijiji kizima,
nasi tuko mwendo wa siku moja tu
kutoka Uvinza inakochemshwa.
Hakuna, mwalimu wetu wa pekee alipofuata mshahara Nguruka
asirudi hadi mihogo ilipokomaa.
Hakuna, Aprili ile ya Yusto.

Yusto wa Ntibakiza, miaka minne, homa imempanda kichwani.
Barabara iko ng'ambo. Ng'ambo unaiona:
unaiona hata pikipiki inayosubiri, taa imewashwa mchana.
Mita nne na tisini. Hakuna mtumbwi uliokubali.
Baba yake alimbeba begani siku mbili akingoja maji yashuke,
akiniuliza mimi, kana kwamba mto uko mfukoni mwangu,
"Dada Velediana, zimebaki ngapi?"
Nikamtajia sentimita.
Nilikuwa bado namtajia sentimita
blanketi lilipopandishwa usoni.
Jioni nikaandika kimo. Nikaandika hakuna.
Mto ulikuwa umeshuka kumi na moja.

Mwaka huu masika yamekuja na miguu yake yote.
Nyabenda, mke wa mrina asali, kashikwa na uchungu usiku.
Kichuguu tunachopanda kutafuta mtandao kimezungukwa na maji;
kijana aliyeogelea akakipanda
aliambulia sauti ya kike ikimwambia salio halitoshi.
Basi Kashindi akafungua mtumbwi wa mninga,
nami nikakalishwa mbele na kurunzi, kwa kuwa, walisema,
huyu ndiye anayeujua mto.
Siujui. Najua namba zake.

Katikati, pale maji yanapojikunja kama mgongo wa kambale,
Nyabenda aliacha kulia.
Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza mawese gulioni,
"Anakuja. Shika."
Kurunzi ikaenda na maji. Nikashika.

Ng'ambo hatukufika. Tuligeuza.
Kitovu kilifungwa kwa uzi wa wavu
na aliyezaliwa alipiga kelele hadi sokwe wakanyamaza.

Asubuhi: mita nne, sentimita tatu.
Nikaiminya kalamu ndani ya ule upana wa ukucha,
maneno yakapandiana, mengine yakavuka mstari:
kazaliwa wa kike, katikati ya mto, yu mzima.

Barua ilifika baada ya miezi mitatu, mhuri wa zambarau.
Msomaji wa kipimo anakumbushwa
kuandika mambo yahusuyo maji tu.
Nimeisoma mara mbili, nimeikunja mara nne,
sasa inazuia meza isichechemee.

Leo ni mita mbili na themanini. Mchanga umejitokeza,
wanawake wameanika mihogo juu ya miamba,
mtoto wa Nyabenda anakula udongo, hakuna anayemkataza.
Narudi kwenye ukurasa wa Aprili ile.
Karatasi imeingiwa na unyevu, inataka mkono mwepesi.
Naikwangua hakuna kwa wembe, herufi baada ya herufi,
naandika: Yusto.
Wino unapenya hadi upande wa pili.