Namba Chini ya Injini

Dukani kwa Likwati, Masasi, mtaa wa nyuma ya stendi,
nimewekewa filta mbili juu ya kioo:
ya elfu nane, ya elfu ishirini na tano.
Zote ndogo kama kikombe cha uji wa mtoto,
zote zina stika inayometameta.
"Chagua, Somoe," ananiambia,
kana kwamba nimewahi.

Aliyekuwa akichagua ni Mnali.
Mnali amevuka Ruvuma kwenda kuchimba mawe mekundu
huko Montepuez,
akaniachia pikapu, deni la salfa,
na ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu.
Mwezi wa tano sasa simu yake anaipokea yule dada
wa mteja hapatikani.

Likwati anazitikisa moja moja sikioni.
"Sikiliza. Hii ya elfu nane ina njuga.
Kitu kinacholia kabla hakijaanza kazi,
kazini kitafanya nini?"
Anageuza mdomo wake, ananionyesha matundu,
na mpira mwekundu nyuma ya matundu.
"Huyu ndiye mlinzi wa usiku. Gari likilala,
anazuia oili isirudi yote chini kwenye sampu.
Akiwa mkavu, asubuhi utasikia injini
inasaga meno kabla haijanywa chai."

Nayajua hayo meno.
Nimeyasikia kila alfajiri tangu Ramadhani,
nikidhani ni umande,
au ni mimi, sijui kuwasha.

"Tutoe kwanza ya zamani," akasema Mfaume, fundi wake,
akaingia chini, ikabaki miguu nje, kandambili za rangi mbili.
Nikasikia spana ya mnyororo ikiguna.
Kisha kimya. Kisha:
"Mama, huku kumeandikwa."

Kwa kalamu ya maka, mwandiko wa kulalia kushoto,
saba na mbili zake hazitofautiani:
BADILI 192,400.
Na chini yake, kwa herufi za mtu aliyelala chali:
USISAHAU S.
Sijui S ni mimi
au ni salfa.

Dashibodi inasoma 203,118.

Mfaume akaikata kwa msumeno wa chuma.
Ndani, karatasi imekunjwa kama sketi ya shule,
nyeusi tii, na katika kila mkunjo, ukiielekeza juani,
chenga za chuma, ndogo kuliko chumvi.
Chiungutwa na magunia.
Mlima wa Newala kwa gia ya kwanza.
Usiku ule wa kumkimbiza Tatu hospitali ya Mkomaindo,
taa moja haiwaki.
Na kilometa zangu elfu kumi na kitu, bila mwalimu.
Yote imeyashika. Niliionea huruma karatasi.

Na ilikuwa ya elfu ishirini na tano,
nimeitambua kwa rangi ya kopo.
Mtu aliyeninyima kitenge cha Idi
kwa kusema mfuko umetoboka!
Nikasimama pale na hasira mbichi,
na ndani ya hasira kitu kingine,
ambacho Likwati, kwa adabu, alikipa mgongo
akajifanya anatafuta chenji.

Nikanunua ya ishirini na tano.
Si kwa ajili yake. Mnada wa kwanza ni Ijumaa
na korosho hazipandi gari linalokohoa.
Mfaume akapaka oili mpya kwenye mpira kwa kidole,
akaizungusha kwa mkono mtupu:
"Ikigusa, ongeza robo tatu, basi.
Ukiibana kwa hasira
itakudai siku ya kuitoa."

Nikaomba kalamu.
Nikalala juu ya boksi lililokunjuliwa, gauni na ushungi,
tone moja la oili likaangukia karibu na sikio,
nikaandika BADILI 208,118.
Nikabaki na kalamu hewani,
nikitafuta herufi ya kuongeza.

"Mama," Mfaume akainama, "umekwama?"