Jibu la Swali la Nne

Saa nne usiku, Kibosho, umeme umekatika.
Nasahihisha historia kwa tochi ya simu
niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Karatasi themanini na mbili. Swali la nne:
ukabaila wa Ulaya ya kale, taja sifa zake tano.

Wameukariri. Mwinyi juu, mtwana chini,
ngome kilimani, wapanda farasi na deraya zao.
Mtwana hulima siku tatu shamba la bwana,
husaga ngano yake kwenye kinu cha bwana,
na akifa, bwana huchagua zizini
ng'ombe aliyenona.
Themanini na mmoja wamesema hivyo
kwa Kiingereza cha kuazima,
na makosa yaleyale, kama ndugu wa tumbo moja.

Halafu Epifania.

Ameandika kwa Kiswahili. Kanuni inasema sifuri.
Ameandika:
"Bibi yangu anakaa lain, nyumba namba kumi na saba,
shamba kubwa la kahawa, chini ya barabara.
Anaruhusiwa kupanda maharage kati ya mistari
mradi siku tatu za wiki achume bila kuandikiwa.
Debe la kupimia limebondwa likafura tumbo,
halijai upesi kama la sokoni.
Babu alipofariki, matanga hayajaanuliwa,
nyapara alikuja akachukua panga, buti za mvua
na ufunguo wa chumba cha pili.
Samahani mwalimu, ng'ombe hatukuwa naye."

Nimeiweka chini kalamu nyekundu.
Nje mfereji unapita mgombani, unanong'ona,
zamu ya maji leo si yetu.

Mwongozo unasema mfumo huo ulikoma.
Unataja na karne,
kama mtu anayetaja tarehe ya maziko
ambayo hakuhudhuria.
Nani aliiona maiti?
Siku niliyohitimu chuo nilivaa joho jeusi
lililobuniwa kwa baridi ya watawa wa huko,
kofia ya pembe nne, jua la Moshi likinikaanga.
Nililikodi elfu kumi na tano,
nikapiga nalo picha, nikaitundika sebuleni.
Sikuuliza ni nguo ya nani.

Na sisi wa huku juu tusijitakase.
Kabla ya Mzungu kupanda kahawa yake ya kwanza
pembe ya Mangi ilikwisha lia alfajiri,
watu wakatoka na majembe, wakiwa na njaa,
kuchimba mfereji wasiokunywa wao kwanza.
Juzijuzi tu, baba yangu, Sirili,
alitembea kihambani na fimbo yake:
huku wa kwanza, huku wa mwisho,
masale yakapandwa pande zote nne.
Mimi nilisimama kando na kata ya mbege.
"Wewe," akasema, "utakula kwa mumeo."
Mume nilimpata, kisha yeye akapata mwingine.
Nyumba hii ni ya Apolinari, kitinda mimba,
niliyembeba mgongoni mpaka akaota meno.
Ni mpole. Hanidai kodi.
Kila Desemba akija kutoka Dar na wanawe
nahamia chumba cha nje, karibu na ng'ombe,
na kumshukuru.

Nimeirudia karatasi.
Sifa tano zimo, nimezihesabu kwa ukucha,
nikazihesabu tena.
Ya sita haimo kwenye mwongozo,
wala mimi sikuwahi kuifundisha:
ile samahani.

Nimempa tano juu ya tano.
Pembeni, kwa herufi ndogo
ili mkaguzi wa Jumatatu asizidake haraka,
nimeandika: Hukukosea kitu. Njoo tuongee kuhusu debe.

Umeme umerudi ghafla, friji ikakohoa,
na chini bondeni taa za shamba zikawaka zote, safu kwa safu.
Ndipo nikaona nami nimeandika kwa Kiswahili.
Wino ni mwekundu. Haufutiki.