Milimita Themanini na Tano

Kilo moja na ushei:
uzito wa kuku wa kienyeji aliyekwisha kunyonyolewa.
Ndivyo nilivyomwambia Syombua jikoni,
bei nikaiacha mfukoni
pamoja na risiti iliyokunjwa mara nne.

Ghorofani, Barabara ya Biashara,
Bwana Jitendra aliifunua kitambaa baada ya kitambaa
kama anayemvua shati mtoto aliyelala.
"Tazama ndani. Hakuna kuvu, hakuna mkwaruzo.
Mwenyewe alikuwa daktari wa meno,
aliitumia Krismasi mbili tu."
Nikatazama. Kioo nyuma ya kioo nyuma ya kioo,
zambarau, kijani, kisha giza la kisima,
na kule chini kabisa mtu mdogo, kichwa chini miguu juu,
ambaye tayari alikuwa ameshasaini mkopo wa sako.

Miezi sita nikapiga ukuta.
Ukuta wa matofali nyuma ya fleti zetu, Donholm:
tundu moja nukta mbili,
moja nukta nne,
mbili,
kisha nakuza pembe za picha hadi asilimia mia
nikitafuta ulegevu.
Sikuuona. Kila tofali lilikata kama wembe.
Najua mistari ya saruji ile kuliko ya kiganja changu.

Julai ikaja na manyunyu,
ule ubaridi wa Nairobi unaohamia kabatini bila kulipa kodi.
Nikailaza ndani ya debe la plastiki
na vile vijifuko vinavyotoka kwenye viatu vipya.
Ofisini wote wanajua: usitupe kijifuko, mwekee Wekulo.
"Wengine," Syombua akasema, akikaanga vitunguu,
"hununua kamera wapige watu."

Jumapili, saa moja asubuhi, nikateremka mjini.
Jua lilipenya kati ya majengo
likaangukia ngazi za benki, upande mmoja tu.
Nikapiga goti.

"Wee! Hapa hakupigwi picha."
Kifuani aliandikwa GUYO. Rungu kwapani, chupa ya chai mkononi.
"Jengo silitaki," nikasema. "Nataka nuru."
"Nuru pia ni ya jengo."

Nikaanza kufungasha. Akanitazama nikifunika kioo,
nikipuliza vumbi ambalo halikuwapo.
"Hiyo inaona mbali?"
"Haioni mbali. Inaona karibu, vizuri."
"Pesa ngapi?"
Sijui kwa nini yeye, kati ya watu wote, nilimwambia kweli.
Akahesabu midomo ikicheza.
"Miezi kumi na mitano," akasema, bila chuki,
kama anayetaja umbali wa Moyale kwa miguu.

Kisha akaweka chai chini. Akanyoosha kofia.
"Basi nipige. Lakini jengo lisionekane."

Nikafungua tundu mpaka mwisho.
Jengo likayeyuka kama sukari,
madirisha yakawa matone ya maziwa,
ngazi, nguzo, jina la benki, vyote vikaenda zao.
Akabaki Guyo.
Shata ikalia mara moja, kavu, kama kijiti.

Nyumbani nikakuza, kwa mazoea, asilimia mia.
Jicho la kushoto lilikuwa kali hadi kope za chini,
la kulia limeshaanza kuondoka:
tundu likiwa wazi hivyo, huwezi kupewa yote mawili.
Na ndani ya lile la kushoto, juu ya mboni,
mtu amepiga goti, kasanduku usoni.

Sikusikia Syombua akija nyuma yangu.
Alikaa kimya muda mrefu, mwiko mkononi.
"Nani huyu?"
"Askari wa mjini."
"Amekesha," akasema. "Umempelekea?"
"Bado. Nitaisafisha Jumatatu."
Akavuta kiti.
"Hiyo kitu ilikuwa pesa ngapi?"

Nikatia mkono mfukoni.
Nikaikunjua mara moja.
Mara ya pili.