Ufunguo wa Kyllikki

Sikuuchomeka popote. Ulikaa tu mfukoni mwa koti lake,
pamoja na peremende mbili na kibali cha kuvulia samaki
kilichokwisha muda Desemba,
na gari likanitambua. Yaani, lilimtambua yeye.
Vioo vya pembeni vikajikunjua kama masikio ya sungura,
taa zikapepesa,
na kiti, kabla sijakaa sawasawa,
kikaanza kunisogeza mbele,
mbele, mbele tena,
mpaka magoti yakagota chini ya usukani.

Kyllikki alikuwa mfupi.
Mimi ni Taisto, mita moja na tisini,
miaka thelathini na minne ya kubeba magogo
toka Suomussalmi hadi viwanda vya karatasi vya pwani,
gia kumi na mbili, nikizibadilisha
huku namenya yai la kuchemsha.
Leo napewa kifundo, kama cha redio ya jikoni:
zungusha, kisha ngoja.

Mguu wa kushoto haujaambiwa.
Kila kona hunyanyuka kuitafuta klachi,
hukanyaga zulia,
hurudi umenuna.
Mazoea yana taabu, wanasema. Naongeza:
na hayajui kustaafu.

Marjukka, binti yetu, alinifunza kwa simu kutoka Tampere.
"Baba, usishindane nalo. Likikuvuta, liache likuvute."
Likanivuta. Nilikuwa nimegusa mstari wa kati, kidogo tu,
nikikwepa shimo ninalolijua kabla hajazaliwa,
usukani ukatetemeka, ukanirudisha
kama mke anayekurekebisha kola mbele za wageni.
Nikasema, "Haya, haya." Kwa sauti.
Kwenye dashibodi kikawaka kikombe cha kahawa:
linauliza kama nimechoka!
Mimi, niliyekula chumvi nyingi, na nyingine ya barabarani.
Sijachoka. Namsikiliza mtu
wa kiti cha pili, na kimya chake kina mshindo.

Baada ya Hossa, kulungu watatu wa kaskazini
walitokea katikati ya theluji
wakiwa tayari wameshaingia njiani.
Breki ilikanyagwa. Siyo na mimi.
Mkanda ukanikaba kifua, peremende zikamwagika,
na wale watatu wakatutazama kama maofisa wa forodha,
wakatuona hatuna kitu, wakaenda zao.

Nilibaki hapo, mikono juu ya magoti yaliyobanwa.
Mguu wangu wa kulia ulifika baadaye,
kama mgeni wa mazishi aliyekosa basi.
Sikutaka kujua hilo.
Sasa najua.

Kisha theluji ikashuka kwa ubavu, nzito, yenye maji,
ikaganda usoni mwa gari, na taa za msaada
zikazimika, ya mistari, ya umbali, ya breki.
Kihisio kimezibwa, likaandika. Endesha mwenyewe.
Likanikabidhi barabara nzima bila hotuba.
Kilomita kumi na moja. Mikono ikakumbuka.
Nilifurahi, nakiri, na furaha ile ilinitia haya.

Nikaegesha, nikazima, nikashuka.
Nikalikwangua barafu usoni kwa kile kibali,
ncha kwa ncha, mpaka jina lake likaanza kukunjika.
Nikatembea hatua tano kwenda kukojoa.
Nyuma yangu likajifunga.
Nikarudi: likafunguka, vioo vikakunjuka,
kiti kikasogea mbele kumpokea.
Nikaenda tena hatua tano. Nikarudi.
Mara ya tatu sikuwa na haja yoyote kule porini.

Kuna kitufe mlangoni. Marjukka kanieleza:
rudisha kiti nyuma, bonyeza, hesabu mbili,
nalo litakusahau ulivyokaa jana.
Kidole nimekiweka pale. Baridi tu.
Moja,

kisha nikakiondoa, nikazungusha kifundo, nikangoja.
Magoti yameniuma mpaka Kuusamo.