Kishonanguo

Hapa palikuwa mlango. Najua
kwa kivumbasi, kimesimama peke yake
kama mtu aliyeambiwa asubiri.
Shangazi Mwamvua alikipanda kukomesha mbu.
Mbu wa Msimbazi hawakukoma,
ila wageni waliingia wakinukia.

Nyumba ilipigwa X nyekundu Jumanne.
Alhamisi ikawa kifusi,
masika yakamalizia.

Sasa naisoma sakafu kwa majani.
Mbarika: jikoni, penye jivu.
Mchunga, palipokuwa karo. Ni mchungu,
ndiyo maana, kila mtu husema hivyo,
lakini Shangazi alikataa: "Unachunga.
Mwenye njaa haendi mbali nao,
anauzunguka kama mbuzi wa kamba."
Kesho yake akakana hata hilo.

Ndago kila mahali. Ndago haina hadithi.
Ing'oe, itarudi hujanawa mikono.

Na pale kitandani kwake, kifauwongo.
Palikuwa na mtu Buguruni, alisema,
akidaiwa na mji mzima.
Wadai wakibisha hodi, analala chali,
mkewe anapiga yowe,
watoto wanalia kwa zamu.
Siku moja mdai akaja na sanda.

Ikawaje, Shangazi?
Akakata uzi kwa meno.
"Akazikwa. Ndiye huyo anayechungulia."

Nimekigusa. Kimekunja vijani, kimejilaza.
Nikasimama juani kama mdai,
sina sanda, sina haraka.
Kilipofumbua nikaona haya, nikaondoka.

Mabwepande ni mbali.
Nimemkuta nyuma ya cherehani isiyo na kazi,
uwanja umefagiliwa hadi umepauka,
hakuna jani la kuulizwa jina.
"Umetoka wapi na suruali hiyo?"

Goti hadi pindo, kishonanguo:
vijisindano vyeusi, kila kimoja na meno yake.
"Jangwani," nikasema.

Akanivuta dirishani, miwani puani,
akachomoa kimoja kimoja
kama anayefumua mshono wa mwanafunzi.
Huyu, akasema, alikuwa fundi mvivu,
hakutaka kupima watu,
akawashona nguo zikiwa mwilini
na yeye mwenyewe ndani ya pindo;
walipokwenda, akaenda.
Mwaka juzi fundi huyo alikuwa mwanamke,
na hakuwa mvivu, alikuwa na wivu.

Kiganja chake kilijaa.
Nikatafuta pa kutupa.
"Acha."

Akatoka, akavimwaga kando ya kizingiti,
akavisugua kwa kisigino,
akatazama mawingu kidogo.

"Majirani watanilaani," akasema,
akarudi kitini.