Saa Kumi na Mbili na Robo

Tulivitandaza sakafuni, Kariobangi Kusini,
kati ya kochi na mtungi wa gesi:
filimbi ya rangi ya chungwa, dira, kamba ya mita kumi,
bandeji, vidonge vya kusafisha maji,
kopo la majarini lenye kiberiti ndani,
nimelizungushia utepe mara tatu.
Wakesho akacheka. "Dada, naenda kuhesabu mikoko,
siendi vitani."
Nikaongeza betri.

Kwenye kalenda ya duka la mabati
nikaandika kwa kalamu ya kijani siku za bamvua
na siku za maji mafu,
mimi mtoto wa milimani, wa Wundanyi,
niliyedhani bahari ikishajaa imejaa.
Nilizikariri kama nilivyowahi kukariri
tarehe zake za kliniki.

Chini yake, masharti, miandiko miwili:
Usivuke mkono wa mto baada ya alasiri.
Usisimame kati ya kiboko na maji.
Ukiona tope limelala laini, kama gunia limeburutwa,
hapo pana mwenyewe; zunguka.
Ukipotea, kaa.
Msikilize Hiribae, hata akinyamaza.
Saa kumi na mbili na robo jioni, piga.
Ikigonga saa moja kimya, mimi nimpigie Hiribae.
Saa mbili, askari wa Kipini.
Saa tatu, mama asiambiwe. Bado.

Siku kumi na moja alipiga.
Simu ya setilaiti haina mazungumzo:
"Nipo. Maji yapo. Miguu mizima."
Ila siku ya nne alichelewesha kukata.
Kijito cha magotini kilikuwa kimefika kifuani,
na ng'ambo aliuona mti wake wa thelathini na saba
umesimama tu, unahesabika.
"Nikaupa kisogo, dada. Niliona aibu."
Nikamwambia aibu hukauka.

Siku ya kumi na mbili, mvua ikaja Nairobi.

Sikuiita safari. Nani huita safari
kutoka Viwandani kurudi nyumbani?
Mto Ngong ulikuwa juu ya barabara,
rangi ya chai iliyosahaulika jikoni,
umebeba kreti, ndala, mlango mzima na kitasa chake.
Kijana mmoja alivusha watu mgongoni, shilingi hamsini.
Wengine walishikana mikono wakaingia, wakicheka
kile kicheko cha kuombea.
Nilivua viatu. Nikatia mguu mmoja.
Chini ya maji hayo kuna mitaro
iliyoibiwa mifuniko tangu mwaka juzi.
Najua. Kila siku naikwepa
bila hata kuitazama.

Ng'ambo, taa za Donholm. Karibu kabisa.
Thelathini na saba, nikasema kwa sauti,
na mama mmoja akanigeukia: "Nini?"
Nikautoa mguu.

Ekidor, bawabu wa ghala la sabuni,
alinipa kreti nikalie, na nusu ya chapati.
Hakuniuliza. Simu yangu ilikwisha moto
saa kumi na moja na nusu.
Alipopata waya wa kuichaji, saa nne ilikuwa inakaribia,
na ilipowaka ilitetemeka juu ya meza
kama kitu kilichonaswa:
kumi na saba, zote za Wakesho.

Saa moja alikuwa amempigia Syengo wa kufungua geti.
Saa mbili, kituo cha polisi.
Saa tatu, hakumwambia mama.
Huko aliko, ndani ya chandarua,
Hiribae akimshikia tochi
asome kalenda yangu kutoka kichwani mwake.

"Uko wapi?"
Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu wa darasa la pili.
"Nipo," nikasema. "Maji yapo. Miguu mizima."

Akanyamaza, dakika za bei ghali zikipita.
Kisha: "Na filimbi? Unayo filimbi?"

Dukani zilikuwapo mbili.
Nilinunua moja.