Gramu Ishirini na Tisa

Mianzi ya Mizoram huchanua kwa pamoja,
kilima hata kilima,
kana kwamba imepigiwa kengele,
kisha hufa imesimama.
Hupita miaka arobaini na minane kabla haijakumbuka tena.
Haya niliyasoma Aizawl, katika maabara yenye dirisha bovu,
nikarudi nyumbani na hadubini begani
na mwaka mmoja nimeuandika kwa kalamu nyekundu.

Mama hakushangaa.
Mara ile nyingine alikuwa na miaka tisa.
Anakumbuka panya wakishuka usiku kama maji yaliyovunja ukingo,
asubuhi shamba la mpunga limebaki mabua,
na mdogo wake, Thangkima, ambaye hakuivuka Februari.
"Wakati ule," akasema, "hatukuwa na mtu wa kutuambia lini."

Jumapili mzee Hrangchhuana alisimama kanisani
akasema maua haya ni ghadhabu, tutubu.
Nikainamisha uso. Niliona aibu, sijui kwa ajili ya nani.
Ghadhabu gani hii yenye kalenda?
Mbegu zinadondoka, panya wanashiba, panya wanazaa,
mbegu zinakwisha, panya hawakwishi.
Ni hesabu ya kujumlisha, mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Mama akainuka na kitambaa chake cha kijani,
akasema toba ni njema, na tangawizi pia.
Panya hawali tangawizi. Binti yangu amesema.
Tupande tangawizi na manjano kabla ya mvua,
halafu tutubu tukiwa na kitu mfukoni.
Wanawake wakacheka, hata mpiga ngoma akakosa pigo.
Nusu yao walipanda. Nusu walisema Mungu atajua.

Njaa ilikuja mwezi nilioutaja.
Sikufurahi.
Naam, nilifurahi kidogo. Hilo nimelitubu.
Serikali ikanunua mikia, rupia mbili kwa mkia,
nami nikaketi kwenye ubaraza wa shule nikihesabu,
mia, mia mbili, elfu,
vidole vikinuka hata niliposhika Biblia.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliweka kwenye ripoti.
Kwetu, mwanamke akitaka kupika,
kwanza huchota konzi moja ya mchele
akaitia katika mkebe wa kanisa.
Ndipo sufuria hupata fungu lake.
Mama hajawahi kusahau, hata siku tuliyomzika baba.
Nami, mtu wa mizani, nikaanza kuuibia ule mkebe usiku:
si mchele, uzito wake tu.
Machi, gramu thelathini na nane.
Juni, thelathini na tano.
Septemba, tulipokuwa tukichimba viazi mwitu msituni,
ishirini na tisa.
Mstari ukashuka kwenye karatasi yangu, mnyoofu, safi.
Nikajisemea: kumbe hata imani ina mteremko,
na mimi nimeupima.

Sikumwambia.
Lakini jioni moja taa ilikuwa karibu,
nikauona mkono wenyewe ukiingia katika gunia la msaada:
ngozi imelegea juu ya mifupa,
pete ya ndoa imezungushiwa uzi isidondoke.
Akachota. Vidole vikafumba mpaka mwisho,
punje mbili zikachomoza pembeni,
akazisukuma ndani kwa dole gumba.
Konzi ilikuwa imejaa.
Kilichopungua ni mkono.

Nikarudi kwenye daftari.
Namba zilikuwa sahihi, sikufuta hata moja.
Nilichora safu mpya kando yake,
nikakaa muda mrefu nikitafuta kipimo cha kuandika juu,
mwisho nikaiacha bila kichwa.
Mama akauliza kutoka jikoni kama nimemaliza kuhesabu.
Nikasema bado.
"Basi njoo hivyo hivyo," akasema. "Uji unapoa."